Tupeane uzoefu: Ni nini kilichokufanya ubaki, au uondoke, katika kikundi kidogo cha kanisa?

MwenyejiWaJumatano

Bwana asifiwe, wapendwa. Kikundi chetu cha kujifunza Neno hukutana nyumbani kwangu kila Jumatano jioni, na huu ni mwaka wa nne tangu nikabidhiwe kukiongoza. Katika daftari la mahudhurio tumo watu 14, lakini kwa miezi kadhaa sasa tunaoketi ni watano, nikiwamo mimi na mume wangu. Nilidhani kasoro iko kwenye mafundisho, nikaongeza bidii ya kuandaa somo hadi likafika kurasa nane zenye maandiko ya rejea na maswali ya kujadili, ambayo wenzangu waliyajibu kwa adabu huku wakiitupia saa jicho.

Wiki mbili zilizopita nilikutana na dada mmoja aliyekuwa mwanakikundi wetu, nikamwambia kwamba tumemkosa sana. Alitabasamu, kisha akanijibu: "Niliacha kuja tangu mwezi wa tatu. Kama mngenikosa, si mngeniuliza?" Nilirudi nyumbani nikalifungua lile daftari, nikakuta mbele ya jina lake alama ya kutohudhuria mara 11 mfululizo, zote kwa mwandiko wangu, na katika muda huo wote sikuwahi kumpigia simu hata mara moja.

Basi naomba tupeane uzoefu. Nini hasa kilikufanya ubaki kwenye kikundi, au kilikufanya uondoke? Tafadhali mtu aeleze jambo lililotendeka, si nadharia, na asitaje jina la kanisa wala la kiongozi.

MkimyaWaKona

Shalom, dada. Mimi ni mtu asiyependa kusema mbele za watu, na niliingia kikundini kwa sababu tu mke wangu alikuwa ameshajiunga. Kwa miezi miwili ya kwanza nilikuwa nikiomba moyoni kwamba zamu ya kusoma kwa sauti isinifikie.

Kiongozi wetu aliliona hilo, lakini hakunihimiza nijikaze. Alinikabidhi daftari la maombi. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila ombi lililotajwa, tarehe yake na jina la mwenye ombi, na upande wa kulia kuacha nafasi ya kuandika kilichotokea baadaye. Kila mwanzo wa mwezi nilitakiwa kusoma maombi ya mwezi uliotangulia, nami nikalazimika kuuliza: "Ndugu, lile jambo la kazi liliishaje? Mama, mguu unaendeleaje?" Hivyo nikajikuta nazungumza bila kuwa na hotuba yoyote, na watu wakaanza kunitafuta hata baada ya kipindi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekumbuka mambo yao.

Kuna mstari mmoja katika daftari lile ambao upande wake wa kulia uko wazi mpaka leo. Tulimwombea mtoto mchanga wa wanandoa wa kikundini kwa siku 19, naye akafariki. Mwezi ulipofika nilimnong'oneza kiongozi, nikamuuliza niandike nini, au niuruke mstari ule. Akasema nisiuruke, na nisiandike kitu. Niliusoma kama ulivyo, jina na tarehe, kisha nikanyamaza, na wale wazazi wakalia mbele yetu kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi. Sijawahi kufikiria kuondoka tangu jioni ile.

NilirudiKwaHofu

Naandika kama mtu aliyeondoka. Katika kikundi cha akina mama nilichokuwamo, nilieleza jambo la ndoa yangu, kwa machozi, baada ya kuhakikishiwa kwamba "hapa ni nyumbani". Siku nne baadaye mtu ambaye hakuwa mwanakikundi alinishika mkono mlangoni mwa kanisa, akaniambia kwa upole mwingi kwamba wananiombea "kwa hali ile". Nilipofuatilia niligundua kwamba hakuna aliyenisengenya kwa nia mbaya. Mmoja alikuwa amelitaja jambo langu kama ombi katika kundi jingine la maombezi, kutoka huko likapelekwa kwenye kundi la tatu, na kila aliyelipeleka aliamini kabisa kwamba anafanya jambo la kiroho. Umbea uliovaa kanzu ya maombi ni mgumu kuukemea, kwa sababu anayekemea ndiye anayeonekana hapendi kuombewa.

Nilikaa miaka mitatu nikihudhuria ibada ya Jumapili tu, nikiingia wimbo wa kwanza ukiwa umeshaanza na kutoka kabla ya baraka kumalizika. Yakobo 5:16 inatuagiza tuungamiane dhambi na kuombeana ili tuponywe, na kila niliposikia andiko hilo likihubiriwa nilijiuliza kwa nini hakuna anayehubiri juu ya masikio ya yule anayeungamiwa.

Kilichonirudisha ni kikundi ambacho siku ya kwanza kabisa, kabla ya somo, kiongozi alisoma makubaliano mafupi, akaomba kila mmoja aseme kwa kinywa chake kama anayakubali. La kwanza lilisema kwamba ombi la mtu halitoki nje ya chumba kile, hata kwa mchungaji, hata kwa mume au mke, mpaka mwenyewe aruhusu. Kisha akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwingine: kwamba asingeweza kutunza siri ikiwa uhai wa mtu uko hatarini au mtoto anaumizwa, na kwamba hata hapo angemwambia mhusika kwanza, isipokuwa kama kumwambia kungeongeza hatari. Huo ukweli juu ya mipaka ya siri ndio ulionifanya nimwamini. Wale wa kwanza walikuwa wameniahidi kila kitu.

MwalimuMstaafu

Nimesoma kwa makini, hasa habari ya daftari, ikanikumbusha asili ya vikundi vya Wamethodisti, ambayo naieleza kwa sababu inagusa moja kwa moja swali la mwenyeji wetu. Mwaka 1742, huko Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Likatolewa pendekezo kwamba kila mwanachama atoe peni moja kwa wiki, na kwa kuwa wengine walikuwa maskini, mtu mmoja akajitolea apewe watu 11, awatembelee kila wiki kukusanya peni zao, na asiyekuwa nayo amlipie yeye. Ndivyo walivyogawanywa katika makundi ya watu wapatao 12. Lakini wakusanyaji hao, kwa kuingia nyumba za watu kila wiki, walianza kuona mambo ambayo hayakuonekana kwenye mahubiri: ulevi na ugomvi wa ndani. Wesley aliposikia taarifa hizo alitambua kwamba amepata kitu kikubwa kuliko fedha ya deni, akawafanya wakusanyaji kuwa walezi wa roho za watu. Baadaye ndipo walipoacha kuzunguka nyumba kwa nyumba, wakakutana mahali pamoja.

Tuseme basi kwamba kikundi kile kilianza na mtu anayepita mlangoni kwako kila wiki, somo likaja nyuma yake. Sisi siku hizi tunaanza na somo, halafu tunashangaa kwamba hakuna anayepita.

Katika kikundi changu tuliweka kitabu cha mafunzo pembeni kwa miezi mitatu. Kila mtu alipewa dakika chache aeleze hali ya nafsi yake tangu tulipoachana, akiwa huru kusema "leo sina neno", na baada ya hapo tulisoma fungu moja tu la Maandiko na kuomba.

MwenyejiWaJumatano

Mwalimu, shikamoo. Je, watu hawakujiona kama wanahojiwa?

MwalimuMstaafu

Marahaba, binti yangu. Wawili walijiona hivyo, wakaondoka, na sikuwalaumu. Mmoja aliniambia wazi kwamba yeye alikuja kujifunza Biblia, na alikuwa na haki. Nilimpeleka kwenye darasa la Biblia la mzee mwenzangu, na anaendelea vizuri huko.

JumuiyaYaMtaani

Tumsifu Yesu Kristo. Nachangia kutoka upande wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, umoja wa mabaraza yao, walizifanya kuwa kipaumbele cha uchungaji katika miaka ya 1970. Tofauti moja ambayo wenzetu huenda hawaioni ni kwamba jumuiya hufuata mahali mtu anapoishi, kwa hiyo hatuchaguani. Nimesali kwa miaka mitano na jirani ambaye nisingemwalika kwangu kwa hiari yangu, na nina hakika naye angesema hivyo juu yangu.

Tunatumia njia ya hatua saba ya kushirikishana Injili iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunachagua maneno na kuyarudia polepole, tunakaa kimya, tunashirikishana yaliyotugusa, tunatafuta pamoja kazi ambayo jumuiya inaitiwa kuifanya, kisha tunasali. Hatua tano za kwanza zinakwenda vizuri sana. Ya sita ndiyo tunayoiruka, kwa sababu muda umekwisha, na kwa sababu ni rahisi kuguswa na neno kuliko kuamua ni nani atakwenda hospitali kesho saa ngapi. Jumuiya yetu ilikuwa imedorora mpaka mwenyekiti mmoja alipokataa kufunga sala kabla halijatajwa jina la mtu, kazi yake na siku yake. Nilipangiwa kwenda na yule jirani kumwogesha mzee aliyepooza, kila Jumamosi kwa majuma sita. Hatujawa marafiki wa kutembeleana, lakini najua namna anavyojaribu joto la maji kwa kiwiko kabla ya kummwagia mtu, na siwezi tena kumsema kama nilivyokuwa nikimsema.

MsaidiziWaKikundi

Langu ni fupi. Tulikuwa tisa, tukakua hadi 17, ndipo uongozi ukaagiza kikundi kigawanyike. Majina yalisomwa kutoka kwenye karatasi, wanane huku na tisa kule, na watu waliokuwa wamezoeana kwa miaka walitenganishwa katika dakika tano. Kikundi kimoja kilikufa kabla ya miezi minne.

Hata hivyo siwezi kusema kugawanyika kulikuwa kosa. Watu 17 wana jozi 136 za kufahamiana, na wanane wana jozi 28 tu. Katika ule wingi wetu watatu kati yetu walikuwa wanaongea kila wiki na wengine wote walikuwa wasikilizaji. Kosa lilikuwa kwamba hapakuwa na kiongozi wa pili aliyeandaliwa, na hakuna aliyeulizwa angependa kwenda na nani.

ZamuYaUsiku

Samahani, nitaongea kinyume kidogo. Nafanya kazi kwa zamu, na kikundi nilichokuwamo kilifuatilia mahudhurio kwa bidii ambayo huenda mwenyeji wetu anataka kuianzisha sasa. Nilikuwa napokea ujumbe usemao: "Tunakukumbusha kwamba umekosa vipindi vitatu." Niliusoma nikiwa nimesimama kazini saa tisa za usiku, nikajiona kama mdaiwa. Niliondoka kwa sababu ya ujumbe huo, wala si kwa kukosa kuulizwa.

Katika kikundi nilichomo sasa nakosa vipindi vingi vilevile. Tofauti ni kwamba mwezi uliopita mwanakikundi mmoja aliniandikia: "Ulisema mtihani wa mwanao ni Jumanne. Alitokaje?" Hakugusia kipindi kabisa. Nilimpigia nikiwa njiani kurudi nyumbani, tukazungumza mpaka nikafika mlangoni, na siku hizi tunaomba pamoja kwa simu kila Alhamisi alfajiri, mimi nikitoka kazini na yeye akijiandaa kwenda. Kwa hiyo, dada, ukianza kupiga simu, naomba usianze na daftari la mahudhurio.

MwenyejiWaJumatano

Ndugu wa zamu ya usiku, nimekusikia, na umeniokoa. Nilikuwa nimeshaandika rasimu ya ujumbe wa kuwatumia wote tisa, na ulianza na neno "tunawakumbusha".

Nimeufuta. Nilijaribu kukumbuka jambo moja, moja tu, ambalo kila mmoja wa wale tisa aliwahi kulisema juu ya maisha yake, na nakiri kwa aibu kwamba kwa wanne sikukumbuka lolote. Kwa yule dada nilikumbuka kwamba kaka yake alikuwa amepotelea mjini na walikuwa wakimtafuta. Nilimpigia jana. Alikaa kimya kwanza, kisha akaniambia kaka alipatikana mwezi wa tano, akiwa mgonjwa, na kwamba yeye ndiye anayemuuguza, peke yake. Kumtafuta, kisha kumuuguza, ndiyo sababu ya zile alama 11. Tulizungumza kwa zaidi ya saa moja na hakuna aliyetaja Jumatano.

Juzi kikundini tulikuwa watano kama kawaida. Nilikuja na ukurasa mmoja, nikauliza swali la Mwalimu, kukawa kimya mpaka mume wangu akakohoa kwa kunihurumia. Baadaye kijana mmoja, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akijibu "Mungu ni mwema" kwa kila swali, akasema kwamba hajalala vizuri tangu alipoachishwa kazi. Hatukujua kwamba aliachishwa kazi.

Dada hajasema kama atarudi, nami sikumuuliza. Ameniomba nimpigie tena Ijumaa baada ya saa mbili usiku, kaka akishalala.