Saa za kujitolea kwa wachezaji wa besiboli wa vyuo Marekani: lazima au hiari?

KirunguChaMti (mwanzisha mada)
Wadau, leo tulimalize hili. Makocha wengi wa besiboli vyuoni Marekani huwapangia vijana saa za kujitolea: kuwasomea vitabu watoto wa shule za msingi, kufungasha chakula cha msaada, kusaidia siku za Miracle League, ile ligi ya watoto wenye ulemavu inayochezwa kwenye uwanja wenye sakafu tambarare ya mpira ili viti vya magurudumu vipite. Wapo wanaotaka saa 10 kwa muhula, na asiyetimiza hapandi basi la safari. Mimi napinga. Msimu wa Division I, daraja la juu la michezo ya vyuo, ni mechi hadi 56 kuanzia katikati ya Februari. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili wanacheza, na mara nyingi Jumanne tena. Hapo ana krediti 12 za masomo za kubeba. Hizo saa anazikata kwenye usingizi.

BintiUfuoni
Mimi nasema iwe lazima. Saa 10 kwa muhula wa wiki 15 ni dakika 40 kwa wiki. Kijana anasomeshwa bure, anavishwa, analishwa. Na tusidanganyane, besiboli ni mchezo wa kusimama, ni rede iliyojengewa uwanja. Mchezaji anayelinda sehemu ya nje kabisa ya uwanja anaweza kumaliza mechi hajagusa mpira.

NyumaYaSahani
Mchezo wa kusimama? Dada, mtazame mdakaji, yule anayeipokea mipira ya mrushaji. Mechi ya inningi 9, yaani raundi 9 za kupokezana kupiga, warushaji wa timu moja mara nyingi hurusha mipira zaidi ya 130, na kwa kila mmoja mdakaji anachuchumaa na kuinuka. Hapo hujahesabu ya kupasha moto mwanzo wa kila inningi. Mvae kofia ya chuma, kinga ya kifua na za miguu, halafu umrudishe Jumamosi na Jumapili. Mrushaji naye akitupa mipira 90 Ijumaa, kesho yake mkono haunyooki vizuri. Kano ya ndani ya kiwiko ikikatika anapasuliwa, na kurudi kilimani, pale anaporushia, ni miezi 12 hadi 18.

MamaWaRede
Na rede imewakosea nini? Uko katikati, wawili wanakulenga huku na huku, nawe unajaza chupa mchanga huku unakwepa. Ukigeuza mgongo sekunde moja umekwisha. Sema besiboli ni ngumu bila kuitukana rede.

BintiUfuoni
Mama, sijaitukana, nimelinganisha tu. Mdakaji ni mmoja uwanjani. Wengine wanane je?

KaskaziniYaOmaha
Mimi nimekwama kwenye "anasomeshwa bure". Hadi msimu wa 2025, timu nzima ya Division I ilikuwa na skolashipu 11.7 za kugawana wachezaji 27, na kila anayepewa asipate chini ya robo. Sasa vyuo vilivyoingia kwenye maafikiano ya kesi ya House, ile ya malipo ya wanamichezo wa vyuo, vina kikomo cha wachezaji 34, na chuo kikitaka kinaweza kumlipia kila mmoja. Kinaweza, hakilazimiki. Kwa miaka yote hiyo kijana wa besiboli alilipiwa kipande, kilichobaki akatoa mzazi au mkopo. Usimpangie deni la shukrani kwa ada asiyolipiwa.

MtuWaKanuni
Mnaparurana kwa rede na ada, na kanuni yenyewe hakuna aliyeigusa. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inaruhusu saa 20 za michezo kwa wiki wakati wa msimu, zisizozidi 4 kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Mechi huhesabiwa saa 3 hata ikichukua nne na nusu. Safari ya basi haimo, matibabu ya misuli hayamo, saa za kujisomea hazimo. Sasa sikilizeni: kazi ya jamii ambayo timu *inailazimisha* huingia kwenye shughuli zinazotakiwa, na shughuli hizo haziruhusiwi siku ya mapumziko. Ikiitwa *hiari*, kinga hiyo inaondoka. Karatasi inabandikwa kwenye mlango wa chumba cha kuvalia, majina yanajazwa, na kazi inapangwa Jumatatu, siku pekee ya kupumzika. Nani ataacha nafasi ya jina lake wazi wakati kocha anapita hapo kila siku? KirunguChaMti, unachotetea ndicho kinachomla kijana Jumatatu yake.

KirunguChaMti
Kwa hiyo mkuu unaniita mtetezi wa makocha? Nimesema usingizi, sijasema Jumatatu.

NyumaYaSahani
BintiUfuoni ajibu hoja ya kiwiko kwanza, Jumatatu baadaye.

MtuWaKanuni
Sijakuita hivyo, kaka. Nasema neno "lazima" likiandikwa kwenye ratiba linahesabika kama shughuli inayotakiwa, na linapohesabika linaweza kukataliwa.

MwalimuWaJioni
Mimi kinachoniuma ni masomo. Maabara za kemia na zamu za hospitali za wanafunzi wa uuguzi mara nyingi huangukia mchana, saa zilezile za mazoezi. Kijana anashauriwa ahamie kozi nyepesi, anahama, halafu krediti za biolojia hazihesabiki kwenye shahada mpya. Anapoanza mwaka wa tatu anatakiwa awe amemaliza asilimia 40 ya shahada, wa nne 60, wa tano 80. Akipungukiwa haruhusiwi kucheza, hata GPA yake, yaani wastani wa alama, iwe nzuri kiasi gani. Saa 10 za kusomea watoto hazijawahi kumwangusha mtu kwa ukubwa huo.

BintiUfuoni
Hapo nakubali, mwalimu. Sasa maabara aipate lini?

MwalimuWaJioni
Vuli, kabla ratiba ya mechi haijaanza, au kiangazi kama hachezi ligi ya mbali. Muhula wa mechi achague madarasa ya asubuhi. Barua ya safari yenye tarehe zote za kutokuwepo impelekee kila mhadhiri wiki ya kwanza, asisubiri Alhamisi basi likiwa limewasha injini. Mtihani ukiangukia safarini, aombe mapema mshauri wa masomo anayesafiri na timu ausimamie hotelini.

KaskaziniYaOmaha
Na kujitolea nako kupelekwe Novemba, mazoezi ya vuli yakishaisha. Fomu zitangulie Agosti, maana shule nyingi za msingi hukagua rekodi ya jinai kabla ya mgeni kuingia darasani, na majibu yanaweza kuchukua majuma. Wasiende 34 na mpiga picha. Waende wanne, darasa lilelile, kila wiki ya pili, na mwalimu wa darasa ndiye asaini saa zao.

MamaWaRede
Wakienda, wawaulize watoto wanacheza nini mapumziko.