Bila sheria, mfumo wa vibali wa Kanada haukuwa ubaguzi wa serikali?

Kila filamu ya kumbukumbu inayohusu mfumo wa vibali wa Kanada inapojadiliwa, hurudiwa hoja kwamba Bunge la nchi hiyo halikuwahi kutunga sheria ya kuwazuia wenyeji wa asili kutoka katika maeneo waliyotengewa, hivyo si haki kuulaumu utawala, na kwamba masimulizi ya wazee si ushahidi. Naipinga hoja hiyo yote.

Ni kweli sheria haikuwapo. Hata hivyo, baada ya uasi wa 1885 katika nyanda za magharibi, ofisa wa serikali Hayter Reed alipendekeza kila anayetoka awe na kibali, na Waziri Mkuu John A. Macdonald akaridhia huku akikiri kwa maandishi kwamba asiyetii hawezi kuadhibiwa. Kibali kilikuwa karatasi yenye jina la mtu, shughuli inayompeleka na muda aliopewa, pamoja na saini ya wakala wa serikali. Asiyekuwa nacho aliweza kurudishwa na polisi au kunyimwa posho ya chakula, na hata mzazi aliyetaka kumwona mwanawe katika shule ya bweni alilazimika kukiomba. Polisi wenyewe walitilia shaka uhalali wake mwanzoni mwa miaka ya 1890, lakini mawakala waliendelea kukidai kwa miongo kadhaa. Kwangu mimi, kukosekana kwa sheria kunaongeza uzito wa kosa. Kipande cha Kenya, yaani kitambulisho walichobebeshwa Waafrika enzi ya ukoloni, pamoja na uonevu wake wote, kilikuwa na sheria ya 1915 ambayo mtu aliweza kuitaja na kuipinga. Mcree, yaani mtu wa mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Kanada, aliyezuiwa na wakala hakuwa na kifungu chochote cha kukishitaki.

Kuhusu masimulizi, vibali vilivyosalia ni vichache, na anayetaka karatasi peke yake anamwachia mtunza karatasi aamue historia. Mahakama ya Juu ya Kanada yenyewe, katika kesi ya Delgamuukw ya 1997, iliamua kwamba historia simulizi ya wenyeji wa asili ipewe uzito pamoja na nyaraka. Nakubali kwamba ukali ulitofautiana kati ya wakala na wakala, na filamu nzuri inapaswa kulisema hilo waziwazi. Lakini wanaosema haikuwa sera ya serikali watujibu: polisi waliowarudisha watu hao walikuwa wakitekeleza amri ya nani?