Naomba ushauri: namba za Land Rover ya zamani hazilingani na logbuku

Wadau habari zenu, kuna Land Rover nimepata kwa mzee mmoja huku Dagoretti, imekaa chini ya mwembe miaka mingi hata kuku wanatagia ndani. Logbuku inasema ni ya 1974 lakini mimi nina shaka, taa za mbele ziko pale katikati kwa grili, si kwa mabawa (madigadi ya mbele), na grili yenyewe ni ya waya, na najua Series III, toleo la Land Rover lililotoka 1971, ilikuja na grili ya plastiki na taa nje. Nimepima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma nikapata inchi 88. Chesisi nimekwangua kutu pale mbele kulia karibu na springi nikaona namba inaanza na 241 halafu zingine zimelika, herufi ya mwisho sijui ni B ama D. Kibati cha ndani chenye namba za gari hakuna, injini nayo ni ya Nissan dizeli, kwa hivyo hiyo haisaidii.

Sasa, hiyo 241 si ni ya Series IIA, toleo lililotangulia Series III? Na hizo tarakimu zilizolika nitazisomaje bila kuharibu chuma? Mzee anataka jibu Jumamosi.