MRI (picha za ubongo kwa sumaku) kwa wazee wanaoanza kusahau: tupige picha zipi?

Msomi_Upanga: Wakuu, tunapima hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) za wazee wenye upungufu mdogo wa utambuzi hapa Dar. Mashine ni ya tesla 1.5 (nguvu ya sumaku). Inatosha?

Picha_Ilala: Inatosha, mkuu. Piga T1 ya pande tatu (picha ya umbo la ubongo), vipande vya milimita 1, halafu FLAIR (picha inayoonyesha madoa ya mishipa iliyoharibika): presha na kisukari huharibu mishipa midogo, na dalili hufanana na hizi za kusahau. Msibadilishe mashine katikati, ujazo wa hipokampasi utatofautiana hata kama ubongo ni uleule.

Takwimu_Mbagala: Sawazisheni kwa ujazo wa fuvu, la sivyo mwenye kichwa kikubwa, ambaye hipokampasi yake ni kubwa pia, ataonekana hana tatizo.

Picha_Ilala: Kichwa kikitikisika, gamba la ubongo huonekana jembamba kuliko lilivyo. Mzee aende msalani kwanza, awekewe sponji pembeni ya masikio, na T1 itangulie kabla hajachoka.