Mjadala: Ngoma ikiwa ndani ya kinanda, hiyo ni taarabu ya laivu?

MLETA MADA
Harusi nyingi za Unguja siku hizi zinatangazwa "taarabu ya laivu". Ukifika unamkuta mwimbaji, mpiga kinanda na spika mbili. Ngoma yote imo ndani ya kinanda. Mimi nasema huo si muziki wa laivu, na mwenye shughuli asitozwe bei ya laivu.

Sisemi kwa kupenda ukale. Mpiga ngoma kazi yake kubwa ni kumtazama mwimbaji. Akina mama wakiinuka kutunza, ubeti hurudiwa mpaka watunzaji waishe. Wa dumbaki, ile ngoma ndogo ya mkono, akiona mkono wenye noti unakuja, anashusha ili jina la bwana harusi lisikike, kisha anapandisha. Mashine haijui kama kuna mtu mbele ya jukwaa. Na kidumbaki, taarabu ya mtaani ya kuchezea, ndiyo kabisa: nyimbo zinaungana bila kupumzika, kasi inapanda kidogo kidogo mpaka ukumbi mzima umesimama. Anayeamua ipande lini ni yule aliyekaa na vigoma viwili vya udongo, macho yake kwenye viuno vya wachezaji.

MPIGA KINANDA, NG'AMBO
Yakhe, mie simtazami mwimbaji? Kasi naipandisha kwa kidole, pigo nalibadilisha kwa kitufe. Hebu piga hesabu: dumbaki, rika (tari lenye vichuma), bongo na sanduku la besi ni watu wanne wa ziada, na gari lao, na biriani lao. Mwenye shughuli akisikia bei anahamia kwa diskojoka, hapo mwimbaji naye amekosa riziki. Tena tukitaja asili, taarabu ya vikundi kama Ikhwan Safaa, kilichoanza 1905, mapigo hayako mbele. Mbele kuna mwimbaji na ala za nyuzi: fidla, udi na kanuni. Watu wamekuja kusikiliza maneno.

MPIGA RIKA MSTAAFU
Mwanangu, kukaa nyuma si kukosa kazi. Fidla zote zile zikiingia kwenye bashraf, ule muziki wa ufunguzi usio na maneno, nani anazishika zisitawanyike? Wa fidla mmoja akikosea, ukumbi haujui. Nikikosea mimi, wamepotea wote. Na ndiyo maana tunapiga kidogo: maneno yakianza natuliza vile vichuma vya rika, vinalia kwa mbali tu. Kinanda chako kinapiga kwa nguvu ile ile, mtu akiimba au akikohoa.

MWANAMKE WA WETE, PEMBA
Nyie wa Unguja mshasahau giza? Umeme ulipokatika Disemba 2009, ukarudi Machi 2010, kinanda kilitaka jenereta na jenereta ikataka mafuta. Kidumbaki kinataka fidla, sanduku, vijiti vya mkwasa, cherewa za kutikisa na mikono ya watu. Ila kwenye bei simuungi mkono mleta mada. Mzazi anayeozesha mabinti wawili mwaka mmoja achukue anachokiweza, msimtie aibu.

MSOMAJI
Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliimba na msondo, ile ngoma ndefu, akaupiga mwenyewe hadi uzeeni. Huyo nyie mngemlipa kama mwimbaji au mpigaji?

MLETA MADA
Kama wote wawili, na bado angepunjwa.

Bi mkubwa wa Wete, sina nia ya kumwaibisha mzazi. Nataka aambiwe kweli kabla hajatoa pesa: ngoma ni ya mkono au ya mashine? Kaka wa kinanda, kitufe chako kinatoa pigo lililotiwa humo kabla bibi harusi hajachumbiwa. Unaweza kuliharakisha, huwezi kulifanya lisite. Na lipo jambo linaniuma zaidi. Tamasha la Sauti za Busara, tangu 2004, wanasisitiza laivu. Vikundi vinapanda jukwaani Ngome Kongwe na wapigaji wao wamekamilika. Mgeni aliyekata tiketi anasikia ngoma ya mkono, jirani yetu wa Mwembetanga siku ya harusi ya mwanawe anasikia spika. Vijana wanaojifunza dumbaki watapigia nani, watalii peke yao?

MPIGA KINANDA, NG'AMBO
Hapo umenishika. Haya, mimi nazima ngoma ya kinanda, nabaki na nyuzi na besi. Nileteeni mpiga rika na mpiga dumbaki wanaofika kabla ya bibi harusi. Na nauli yao ilipwe na mwenye shughuli, isikatwe kwenye fungu langu.

MPIGA RIKA MSTAAFU
Nauli na biriani.