Naomba ushauri: nataka kutoboa juu ya mtulinga, naogopa kipini kuhama

Habari zenu wapendwa. Niko Mwanga, Kigoma, nataka kutoboa ngozi juu kidogo ya mtulinga. Hapo si kama sikio. Kipini kinaingia na kutokea upande uleule wa ngozi, kwa hiyo mwili hukiona kama mwiba na kukisukuma taratibu kuja juu, mwisho kinaweza kutoka na kuacha kovu.

Ninavyojua, hereni ya duara au kipini kilichopinda havifai, vinaikaza ngozi. Kinatakiwa chenye umbo la pini ya stepla, ncha zimesimama nyuzi 90, cha titani ya daraja la kuwekwa mwilini (ASTM F136). Vya bei rahisi mara nyingi vina nikeli. Sasa fundi niliyempata mjini ana bunduki ya masikio tu, eti "kitakaa tu dada". Hapo nikaaga.

Kuna aliyetobolewa Mwanza au Dar na fundi wa sindano mpya, anayeishika ngozi na kuipima kabla ya kuchagua urefu wa kipini? Mkanda wa sidiria na mkoba mliviepukaje, maana kupona huweza kufika mwaka? Na kuogelea ziwani, mlisubiri mpaka lini? Kusafisha nitatumia maji ya chumvi ya dripu (0.9%), spiriti siigusi.

Halafu keloidi (kovu linalovimba na kukua): dada yangu analo sikioni. Wenye ukoo wa namna hiyo, mlithubutu? Tafadhali msiniambie niuache mwili alivyouumba Mungu, hilo mama keshanimalizia.