Tupeane uzoefu: dawa za miti shamba na maana ya majina yake

Mwanzisha mada (Muheza): Wakuu, naandika kwenye daftari majina ya dawa zetu za asili, kila jina na sababu yake, kabla wazee hawajaondoka nayo. Naanza na mwarobaini. Mti asili yake ni Bara Hindi, jina tumeupa sisi: unatibu magonjwa arobaini. Kwetu majani yalichemshwa, ukiumwa homa ukanywa, ukitoka upele ukaogeshwa. Naamini arobaini hapo ni kusema mengi tu. Kwenu je?

Mpemba wa Wete: Mimi nakupa kifauongo, hakuna jina linalonifurahisha kama hili. Ukiugusa tu majani yanajikunja, mmea mzima kama umekufa. Ukiuacha kidogo, huo umefumbuka! Bibi akiyaponda akiyabandika kwenye kidonda. Aliyeuita hivyo alikaa akautazama vizuri.

Mama Wawili: Shubiri. Mama alijipaka utomvu wake kwenye chuchu siku ya kumwachisha ziwa mdogo wangu. Mtoto alionja mara moja, akalia, hakurudi tena. Ukisikia mtu anasema "chungu kama shubiri", ameionja au amesimuliwa na aliyeonja.

Kijana wa Lamu: Mswaki ni mti, jamani. Unakata kijiti, unatafuna ncha mpaka iwe nyuzi, unasugulia meno. Babu yangu hajatumia kingine maisha yake yote. Leo hata ile brashi ya plastiki ya dukani tunaiita mswaki, na watoto wengi hawajui kuwa imerithi jina la mti.

Mdau (Kwale): Kivumbasi msikisahau. Jioni kilitiwa kwenye makaa, moshi ukafukuza mbu.

Muuguzi: Nawashukuru wote, ila nina ombi. Jina kama mwarobaini linamtuliza mtu mpaka anaacha kuuliza kipimo. Mafuta ya mwarobaini kamwe msimnyweshe mtoto mchanga, yanaweza kumletea degedege na hata kumuua. Na mwenye mimba asiinywe dawa hii. Mwanzisha mada, katika daftari lako andika pia ni sehemu gani ya mti inayotumika: jani, gome, mzizi au mbegu. Chukua mbarika: mafuta yake yaliyokamuliwa na kusafishwa watu wanakunywa kulainisha choo, lakini mbegu yenyewe ikitafunwa ni sumu kali.